Pandisheni siti jamani! Dhana potofu kuhusu kukaa kwenye baiskeli

Wiki haipiti bila mtu kuja kijiweni kwetu hapa Nyakato, Mwanza, analalamika goti, na kabla sijashika hata spana anakuwa ameshanihakikishia kwamba siti yake haina shida "maana nikikaa miguu yote inafika chini". Nimeshaisikia hii sentensi mpaka naiota, leo naijibu yote.

Dhana ya kwanza, na ndo inayonikera kuliko zote: siti sahihi ni ile ukikaa nyayo zote mbili zinakanyaga ardhi.

Hapana! Anaiamini mteja, muuzaji dukani anaiamini, kuna mpaka mafundi wanaiamini na wanamfungia mtu hivyohivyo. Chukua rula, nenda kwenye baiskeli yako sasa hivi, zungusha pedeli mpaka iwe chini kabisa, alafu pima kutoka ardhini mpaka juu ya hiyo pedeli. Nyingi zitakupa kati ya sentimita 10 na 14. Sasa kama ukikaa kwenye siti mguu unanyooka pale unapokanyaga ardhi, ukiuhamishia kwenye pedeli si umepanda sentimita zote hizo? Yani goti lako halipati nafasi ya kunyooka hata mara moja, linazunguka limekunjwa tu. Na juu ndo balaa zaidi, mkono wa pedeli una kama sentimita 17, kwaiyo kutoka chini mpaka juu mguu unapanda kama sentimita 34, paja linataka kugusa tumbo na hapohapo unatakiwa usukume kwa nguvu. Goti likikunjika sana huku linasukuma mzigo, ile pia ya goti inagandamizwa vibaya kwenye mfupa wa paja. Beba gunia la dagaa kutoka Mwaloni mpaka Igoma kwa mkao huo kila siku, alafu uniambie goti limekusamehe.

Najua imetoka wapi. Wengi huku kwetu tulijifunzia baiskeli ya mzee, kubwa kuliko sisi, unapitisha mguu katikati ya fremu unaenda upandeupande, ukianguka unaanguka kweli. Mtu akikua akinunua ya kwake kitu cha kwanza anataka uhakika kwamba akisimama hatadondoka. Uoga huo naulewa kabisa, ila dawa yake ni kujifunza kusimama. Ukifunga breki, teremka kwenye siti uje mbele, usimame na mguu mmoja chini mwingine ubaki kwenye pedeli, ukitaka kuondoka sukuma hiyo pedeli ndo urudi kukaa. Mtu akifanyia mazoezi jioni moja uwanjani anakuwa ameshazoea, na wamama ndo wanashika haraka kuliko vijana maana wao wanasikiliza.

Sasa kupima. Njia rahisi ni kisigino: egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukishahamisha mguu ukakanyagia pale kwenye unyayo wa mbele, nyuma kidogo ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 mpaka 35 hivi, na hapo ndo panapotakiwa. Anayetaka hesabu ipo ile inayojulikana kwa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, 1986, 1989 na 1990. Simama peku mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja kikaze juu, pima kutoka sakafuni mpaka juu ya kitabu, zidisha mara 0.883. Mtu mwenye sentimita 80 anapata kama 70.6, na hiyo unaipima kutoka katikati ya ekseli iliyopita ndani ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedeli, mpaka juu ya siti, siyo kutoka ardhini. Mi hesabu naitumia kuanzia tu, kisigino ndo kinaamua, maana wengine mnaendesha na makatambuga yenye soli nene na wengine na kandambili. Pima na kile unachovaa.

Ila tafadhali usitoke chini kabisa ukapandisha yote siku moja. Pandisha nusu sentimita, endesha siku kadhaa, pandisha tena. Na usipitishe alama ya MIN kwenye bomba la siti, ile ikionekana nje ujue bomba limebaki kidogo mno ndani na fremu inaweza kupasuka. Likiisha nunua refu. Nikifunga baiskeli ya kubebea mizigo mizito siti naishusha kidogo, sentimita 1 au 2, kwa sababu mwenyewe anasimamasimama sana na mzigo unamvuta pembeni. Zaidi ya hapo sikubali hata unilipe.

Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini au imesogezwa mbele sana. Likiuma nyuma, iko juu. Wanaosema ni baridi ya ziwa, baridi haichagui goti la mwendesha baiskeli peke yake. Lakini likivimba au likipata moto, hospitali kwanza.

Dhana nyingine: "Siti ngumu niwekee sponji nene." Sponji nene unazama, mifupa ya makalio inakosa pa kukaa, nyama za katikati ndo zinabanwa mpaka ganzi. Kinachotakiwa ni siti yenye upana wako, ilale sawa. Kuinamisha pua ya siti chini pia hakusaidii, unateleza mbele alafu mzigo wote unahamia viganjani.

Wenye resa za mtumba za alumini nao: "fremu hii ngumu, inanivunja mgongo". Siyo fremu! Ulijaza tairi la milimita 25 mpaka psi 120 (psi ni kipimo cha upepo) ukiwa na kilo 65, lazima kila kokoto ya barabara ya Kisesa uisikie. Weka 80, shusha siti kama iko juu mno, pandisha hendeli ifike karibu na usawa wa siti, alafu ndo uniletee kesi ya fremu.

Na vijana wa mashindano wenye viatu vya kliti, kile kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedeli, acheni kulazimisha vidole viangalie mbele moja kwa moja. Kaa mezani miguu ining'inie, angalia kila mguu unaelekea wapi wenyewe, funga kliti kwa kufuata hapo, na mguu wa kulia na wa kushoto si lazima vifanane. Rangi nazo ziangalie: kliti nyekundu ya Shimano za resa haichezi kabisa, yani kiatu hakigeuki kushoto wala kulia kwenye pedeli, nyekundu ya Look Keo inacheza nyuzi 9, kwaiyo ukiambiwa "nunua nyekundu" uliza kwanza za kampuni gani. Anayeanza achukue ya njano ya Shimano, nyuzi 6, na kabla hajafungua skrubu achore kwa kalamu pale zilipokuwa, akikosea ajue pa kurudi.