Chaja ya kutunza betri: maana yake na namna ya kuitumia salama

Chaja ya kutunza betri ni chaja ndogo, mara nyingi ya ampia 1 hadi 4, inayoachwa kwenye betri ya gari lisilotembea. Kinachoitofautisha na chaja ya gereji si udogo wake. Hii inajua kupunguza: betri ikishajaa, inashusha volti na kurudisha kile tu kinachovuja.

Na kinachovuja si kidogo. Saa, alamu na kifaa cha kufuatilia gari vikivuta jumla ya miliampia 50, hiyo ni ampia-saa 1.2 kwa siku (ampia-saa ni kipimo cha chaji: ampia mara saa). Betri ya ampia-saa 60 inabaki nusu baada ya siku 25. Ikikaa hivyo, salfeti ya risasi kwenye plati (mabamba ya risasi yaliyo ndani ya betri) inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena. Betri iliyojaa, ikishapumzika, husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 tayari inadai chaji, hata kama gari bado linawaka.

Wakati wa kujaza, chaja hupanda hadi volti 14.4 hivi. Kwenye kiwango hicho maji yaliyomo yanaanza kuvunjika kuwa haidrojeni na oksijeni; mafundi husema betri inachemka. Kwa saa chache si neno. Kwa wiki nzima, betri inakauka. Kwa hiyo hatua ya kutunza hukaa kati ya volti 13.2 na 13.8. Joto nalo lina sehemu yake: kwa kila digrii inayozidi 25, volti inatakiwa ipungue kama 0.02. Ndani ya banda la mabati Dar es Salaam au Mombasa, penye digrii 35, 13.5 inapaswa kuwa 13.3. Chaja yenye kihisi joto hujirekebisha yenyewe, na inafaa kulipiwa zaidi.

Chaja za zamani zisizo na akili hiyo zisiachwe kwenye betri. Ampia 1 ikiendelea kupita kwenye betri iliyojaa hupoteza karibu gramu 48 za maji kwa siku. Plati zikibaki wazi juu ya maji, zimekwisha.

Kabla ya kuunganisha, chagua aina ya betri kwenye chaja: ya maji, AGM (asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) au jeli (asidi yake imegandishwa). Kile kitufe cha kufufua betri, kinachopandisha volti kupita 15, kisiguswe betri ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Vua pete na saa ya chuma, fungua boneti na uache hewa ipite. Chaja ikiwa imezimwa, bana klipu nyekundu kwenye kichwa chanya, halafu nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi au injini, mbali na betri na bomba za mafuta. Ndipo uwashe ukutani. Umbali huo una sababu: haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kupasua betri na kurusha asidi usoni. Wakati wa kutoa, zima kwanza ukutani, kisha nyeusi, mwisho nyekundu.

Betri ya maji iongezwe maji yaliyokenekwa (distilled water) tu, kamwe si asidi, na ijazwe hadi alama baada ya kuchajiwa. Kabla ya hapo, ongeza ya kufunika plati tu, kwa sababu wakati wa kuchaji maji hupanda na kufurika.

Umeme ukikatika na kurudi, chaja nyingine hazianzi tena mpaka ubonyeze kitufe. Kagua taa yake.

Hatari inayosahaulika ni seli iliyokufa. Betri ina seli sita. Moja ikipiga shoti, betri iliyopumzika husoma karibu volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha. Chaja inaendelea kutafuta 14.4 isiyoweza kufika, na seli tano zilizobaki zinabebeshwa hadi volti 2.88 kila moja badala ya 2.4. Ubavu unakuwa wa moto, unavimba, na harufu ya yai viza inatoka. Hapo usiguse klipu: zima ukutani, fungua milango, subiri ipoe. Betri hiyo haifufuliwi, na chaja nyingine haitaisaidia.