Hakuna kilo 46 kwenye tiketi ya 2PC

"Shirika la ndege limenipa kilo 46 za mizigo." Sentensi hii ndogo imewagharimu watu fedha nyingi kaunta za viwanja vya ndege, na bado kila msimu wa likizo naisikia upya, hata kwa mawakala wa tiketi ambao ndio wangepaswa kuizuia.

Kiwango cha mizigo ni ule mzigo unaoruhusiwa kusafiri nao bila kuongeza kitu juu ya nauli. Kwa maana, basi, ni hayo tu. Kinachowatatiza watu ni kwamba kiwango hicho huhesabiwa kwa njia mbili. Ipo tiketi inayohesabu kilo na ipo inayohesabu mabegi. Tazama sehemu ya mizigo kwenye tiketi yako: ukikuta 30K, umepewa kilo 30. Ukikuta 2PC, umepewa mabegi mawili, na kila begi lina kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23.

Sasa mwenye 2PC anajumlisha 23 na 23, anapata 46, anafunga begi moja la kilo 30 na jingine la 16. Hesabu ni sahihi, mzigo si sahihi. Begi la kwanza limezidi kikomo kwa kilo saba, na nafasi iliyobaki kwenye la pili haiwezi kuliokoa. Ndiyo maana unawaona watu wamepiga magoti sakafuni mbele ya foleni, zipu wazi, wakihamisha vitenge na pakiti za dagaa huku mhudumu akisubiri. Mwenye 30K hana shida hiyo: kwa kawaida anaweza kuzigawa kilo zake kwenye mabegi mawili, kwa kuwa kinachotazamwa ni jumla.

Namba zenyewe zinaonyesha zilikotoka. Kilo 23 ni ratili 50 za Wamarekani zilizokadiriwa kwa kilo, na kilo 32, kikomo kingine cha begi moja, ni ratili 70. Hata kikomo cha ukubwa cha sentimita 158, yaani urefu, upana na kimo cha begi vikijumlishwa, ni inchi 62. Utaratibu wa kuhesabu mabegi ulikita mizizi kwenye safari za Amerika Kaskazini kabla ya kuenea kwingine. Hiyo 32 inahusu pia migongo ya wapakiaji: begi moja likivuka hapo, mashirika mengi hulikataa kabisa, ulipe usilipe, na utaambiwa ulipeleke kama shehena.

Ada nazo hufuata mgawanyo huohuo. Kwenye tiketi ya kilo, unalipia kila kilo iliyozidi. Kwenye tiketi ya mabegi, mara nyingi kuna ada moja kwa begi zito, iwe limezidi kwa kilo mbili au nane, na ada nyingine kwa begi la tatu. Begi la tatu likiwa pia zito au kubwa kupita kipimo, ada zinaweza kupandana. Ukilipia mapema mtandaoni, kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta.

Halafu kuna wanaodhani 2PC inawafuata hadi mlangoni kwao. Inafika pale tiketi ile inapoishia. Ukitua Dar es Salaam na tiketi nyingine mkononi ya ndege ndogo ya kwenda Zanzibar au mbugani, unaanza hesabu upya: huko mara nyingi ni kilo 15 hivi, tena wanataka begi laini, maana sanduku gumu halijipindi kuingia kwenye tumbo la ndege ndogo kama Cessna. Mhudumu akikutajia bei ya mzigo wako hapo, hajakuonea. Anasoma tiketi yake, na wewe unamsomea ya shirika jingine.