Mkusanyaji wa sanaa si lazima awe tajiri

Hapa Tabora ukisema fulani anakusanya kazi za sanaa, watu humuwazia tajiri mwenye jumba. Wanakosea. Herbert Vogel alichambua barua usiku katika posta ya New York, na mkewe Dorothy alikuwa mkutubi. Mshahara wa mke uliendesha nyumba, wa mume ukanunua sanaa. Masharti yalikuwa mawili: bei waimudu, na kazi iingie katika nyumba yao yenye chumba kimoja cha kulala. Mwaka 1992 walikubali mkusanyo wao uende National Gallery of Art, jumba la makumbusho ya sanaa huko Washington. Mwishowe kazi zao zilizidi 4,000!

Walichokuwa nacho ni jicho na udadisi. Waliwatembelea wasanii wasio na jina bado, wakaomba kuona hata michoro ya majaribio. Mwenye mapenzi hayo akishika kigoda cha Kinyamwezi haanzi na bei. Anauliza kimechongwa na nani, kwa mti gani, kilikaliwa na nani, majibu anayaandika. Kisha anakikinga na bungua, wadudu watoboao mbao. Anayenunua ili sebule ipendeze hana kosa, ila huyo anapamba nyumba tu.