Maandiko na Mapokeo: kwa nini Wakristo hawakubaliani kuhusu ulimwengu wa roho

Wakristo wanaosali kwa Kiswahili wamezoea mno kusema "ulimwengu wa roho", hata ni nadra mtu kujiuliza usemi huo umetoka wapi. Umetoka kwenye Waraka kwa Waefeso. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inautumia mara kadhaa katika waraka huo, na mahali panaponukuliwa kuliko pote ni Efeso 6:12, penye "majeshi ya pepo wabaya katika ulimwengu wa roho". Ukiyatafuta maneno hayo manne ya mwisho kwenye Kigiriki cha waraka wenyewe, unachokuta ni usemi wenye maana ya "mahali pa mbinguni" au "penye mambo ya mbinguni". Wafasiri walipima, wakachagua, nasi tukapokea. Sisemi walikosea. Ninachosema ni kwamba hata mhubiri anayeapa kuwa hafuati chochote ila Biblia, anapotamka "ulimwengu wa roho" anatumia kitu alichopokea mikononi mwa watu.

Hapo ndipo mzozo wenyewe ulipo. Maandiko ni vitabu vya Biblia. Mapokeo ni yale ambayo Kanisa limerithishana tangu Mitume kwa njia nyingine: mahubiri, sala, ibada, tafsiri za Mababa wa Kanisa (walimu wakuu wa karne za kwanza), maamuzi ya mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu). Swali ni hili: mtu akitaka kujua habari za malaika, mashetani, wafu, kuzimu na mbinguni, mambo yasiyoonekana kwa macho, amwamini shahidi yupi? Na mashahidi wakipishana, nani aamue?

Neno "mapokeo" lenyewe lina pande mbili ndani ya Biblia ileile. Katika Marko 7:8 Yesu anawakemea Mafarisayo kwa kuiacha amri ya Mungu na kuyashika "mapokeo ya wanadamu". Katika 2 Wathesalonike 2:15 waumini wanaagizwa wayashike "mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Kigiriki ni neno lilelile pande zote mbili, na Union Version imekuwa mwaminifu kuliacha hivyo. Mprotestanti hufungua Marko, Mkatoliki hufungua Wathesalonike, na kila mmoja hushangaa mwenzake haoni. Jambo dogo la lugha: neno la Kigiriki linatazama upande wa anayekabidhi, la Kiswahili upande wa anayepokea. Nadhani la kwetu linasema ukweli zaidi kuhusu tunavyoishi, maana wengi wetu tunajua tulichopokea, ila hatujui nani alikikabidhi.

Misimamo mikuu haihitaji maelezo marefu. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba Maandiko na Mapokeo vinabubujika kutoka chemchemi moja, na kwamba Kanisa halipati uhakika wa yote yaliyofunuliwa kutoka Maandiko peke yake. Mtaguso wa Trento ulitamka juu ya hilo Aprili 1546, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalifafanua Novemba 1965, ukiongeza kwamba mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Waorthodoksi, Wakristo wa makanisa ya kale ya Mashariki, hawapendi hata kuvitaja kama vitu viwili: kwao Mapokeo ni uhai wa Kanisa zima, na Biblia imo ndani yake pamoja na liturujia na ikoni, yaani picha takatifu. Waprotestanti wanashika "Maandiko pekee". Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya Kiprotestanti, mbele ya baraza la Worms mwaka 1521, alisema hawezi kuwaamini mapapa na mitaguso peke yao kwa kuwa wamekosea mara nyingi na kupingana wenyewe, hivyo ashawishiwe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Wengi hudhani "Maandiko pekee" maana yake ni kuyatupa mapokeo yote. Sivyo. Walutheri na Waanglikana wanakiri Imani ya Mitume, iliyoandikwa nje ya Biblia. Maana yake ni kwamba mapokeo yanaweza kuhukumiwa na Maandiko, na Maandiko hayahukumiwi na mapokeo.

Hadi hapo yote yanaeleweka. Shida huanza mtu anapoingia kwenye jambo moja akalishika.

Chukua Lusifa. Kila mtu anamjua: malaika mkuu, kiongozi wa sifa mbinguni, akajaa kiburi, akaasi, akaanguka na theluthi ya malaika. Sasa fungua Union Version uitafute habari hiyo. Isaya 14:12 inasema, "Jinsi ulivyoanguka kutoka mbinguni, Ewe nyota ya alfajiri, mwana wa asubuhi!" Jina Lusifa halimo. Ukipanda hadi mstari wa nne, unakuta huo ni wimbo wa kumdhihaki mfalme wa Babeli. Lusifa ni neno la Kilatini lenye maana ya mleta nuru, jina la ile nyota inayotangulia jua, na liliingia humo kupitia tafsiri ya Kilatini ya Jerome, mfasiri wa Biblia wa kale. Biblia hiyohiyo ya Kilatini inalitumia katika 2 Petro 1:19, ambako nyota ya asubuhi inazuka mioyoni mwa waamini, na wala hakuna aliyeogopa. Uimbaji umetolewa Ezekieli 28, penye matari na filimbi, na hapo anayeambiwa ni mfalme wa Tiro. Theluthi imetolewa Ufunuo 12:4, ambako mkia wa joka unakokota theluthi ya nyota za mbinguni.

Nani alivishona vipande hivyo vikawa vazi moja? Mababa wa Kanisa. Origen, katika karne ya tatu, alikwisha kuisoma Isaya 14 kama habari ya Shetani, na alikuwa na sababu yake: Yesu anasema katika Luka 10:18 kwamba alimwona Shetani akianguka kutoka mbinguni kama umeme. Baadaye John Calvin, mmoja wa nguzo za "Maandiko pekee", alipofafanua Isaya aliikataa tafsiri hiyo waziwazi, akisema imetokana na ujinga wa kutosoma maneno yanayotangulia na yanayofuata. Hapa ndipo ninapotabasamu kidogo. Leo wanaoihubiri habari ya Lusifa kwa moto zaidi ni wahubiri wanaojiita watu wa Biblia tu, na anayewaunga mkono ni Origen, Calvin akiwa upande wa pili. Tafsiri hiyo inaweza kuwa sahihi. Lakini ni mapokeo, na anayeitoa kama mstari wa Biblia ulio wazi hajaangalia mstari wenyewe.

Kwa wafu jambo linauma zaidi, kwa sababu halibaki darasani. Kwenye msiba wa familia yenye madhehebu mawili, mmoja anaanza, "Raha ya milele umpe ee Bwana," nusu ya watu wanaitikia, "na mwanga wa milele umwangazie," nusu nyingine wanatazama sakafu. Kisha unasikia kwa sauti ya chini:

"Dada, mama ameshafika alikofika. Unamwombea nini sasa?"

"Namwombea mama yangu, mdogo wangu. Wewe kama huwezi, nyamaza."

Mdogo ana Waebrania 9:27 kichwani: watu hufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Dada ana 2 Wamakabayo 12, ambako Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, anakuta chini ya nguo za askari wake waliouawa vitu vya sanamu, hirizi tupu, naye anachangisha fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Mdogo hana kitabu hicho katika Biblia yake. Luther, alipobanwa nacho kwenye mdahalo wa Leipzig mwaka 1519, alijibu kwamba hakina mamlaka ya kuamulia mafundisho, na Biblia yake ya mwaka 1534 ikaviweka vitabu vya namna hiyo kando, vizuri kusomwa lakini visivyolingana na Maandiko. Trento ikajibu kwa kuvithibitisha. Kwa hiyo hata tukisema "tufuate Maandiko", ndugu hawa wawili hawana orodha moja ya Maandiko. Na orodha haimo ndani ya Biblia. Ile ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo tunaikuta kwa mara ya kwanza katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Mprotestanti atajibu kwamba Kanisa halikuvipa vitabu hivyo mamlaka, lilitambua tu mamlaka viliyokuwa nayo. Jibu hilo lina uzito. Lakini aliyetambua ni nani, na kwa macho gani, ndilo swali ambalo Mkatoliki ataendelea kuuliza.

Basi mapokeo yangemaliza ugomvi? Waulize Waorthodoksi. Wanawaombea wafu tangu zamani, kama Wakatoliki, lakini toharani, hali ya kutakaswa roho kabla ya kuingia mbinguni, kama ilivyofundishwa na Walatini, yaani Wakatoliki wa Magharibi, waliikataa. Kwenye Mtaguso wa Firenze, mwaka 1438 na 1439, pande mbili zenye heshima kubwa kwa Mababa zilijadili moto wa utakaso, na askofu Marko wa Efeso hakutia sahihi makubaliano ya mwisho. Hata leo, ndani ya Uorthodoksi kwenyewe, wapo wanaoshika habari za vituo vya ushuru angani, ambako mashetani huisimamisha roho ya marehemu na kuidai dhambi moja baada ya nyingine, na wapo wanaosema hizo ni picha za wacha Mungu wa kale, si fundisho la Kanisa.

Maandiko pekee nayo hayajamaliza. Calvin alianza maandishi yake ya teolojia mwaka 1534 kwa kuwapinga watu wa matengenezo wenzake waliosema roho hulala baada ya kifo. Leo Waadventista wa Sabato wanashika kwamba wafu hawajui lolote, kwa Mhubiri 9:5. Ukiwaonyesha Luka 23:43, ambako Yesu anamwambia yule mhalifu msalabani kwamba leo atakuwa naye peponi, wanakujibu kwa kuihamisha alama ya mkato. Sisi tunasoma, "nakuambia, leo utakuwa pamoja nami". Wao wanasoma, "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami". Nakala za kale kabisa za Kigiriki kwa kawaida hazikuwa na mikato hiyo. Wataalamu wengi wako upande wa usomaji wa kwanza, nami naona ndio unaokaa vizuri. Hata hivyo, hali ya mtu aliyekufa, iwe macho au usingizini, imeegemezwa kwenye alama iliyowekwa na watu.

Kuna pia ushahidi unaowasumbua wote. Waraka wa Yuda, mstari wa 9, unasema Mikaeli alishindana na Ibilisi kwa ajili ya mwili wa Musa. Kumbukumbu la Torati 34 inasimulia kifo na maziko ya Musa bila kutaja mzozo wowote. Katika mstari wa 14 Yuda ananukuu unabii wa Henoko, maneno yanayopatikana katika Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linakihesabu kuwa Maandiko na makanisa mengi mengine hayakihesabu. Ndiyo kusema, mwandishi wa Biblia anapozungumzia malaika, anachota kwenye mapokeo ya Kiyahudi bila wasiwasi. Jibu la kawaida ni kwamba Paulo naye aliwanukuu washairi wa Kigiriki kule Athene, na hakuna aliyewafanya manabii. Sawa, ila Paulo aliwaita washairi. Yuda anasema Henoko alitoa unabii.

Siku hizi pameongezeka shahidi wa tatu: maono na shuhuda. Katika makanisa mengi ya kipentekoste na kikarismatiki, habari za vyeo vya mapepo, za wakuu wa giza wanaotawala miji, za watu walioshuka kuzimu wakarudi, zinaanza na mstari, kwa mfano "mkuu wa ufalme wa Uajemi" wa Danieli 10:13, kisha zinajengwa ghorofa nyingi juu yake kwa ushuhuda. Baada ya miaka thelathini ya kurudiwa, ghorofa hizo nazo zimekuwa mapokeo, tena bila mtaguso wa kuyapima. Jambo hili si geni. Mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la Dionisio, yapata mwaka 500, alipanga malaika katika ngazi tisa, naye Calvin akasema kwamba ukimsoma utadhani mtu ameshuka kutoka mbinguni na anasimulia aliyoyaona kwa macho, ilhali Paulo, aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, alinyamaza.

Mahali ninapopapenda katika mjadala huu wote ni Matendo 12. Petro ametolewa gerezani na malaika, anabisha mlangoni kwa Mariamu mama yake Yohana Marko usiku. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, anakimbia ndani bila kufungua. Waliomo ndani, waliokuwa wakimwombea, hawamwamini. "Ni malaika wake," wanasema. Wameitoa wapi imani hiyo, kwamba mtu ana malaika wake anayefanana naye hata kwa sauti? Hakuna mstari unaowafundisha hivyo. Waliipokea. Wakatoliki wanauona humo mzizi wa malaika walinzi, ambao sikukuu yao ni tarehe 2 Oktoba. Calvin aliusoma mstari huohuo, akasema hathubutu kuthibitisha kwamba kila mtu ana malaika wake. Luka, aliyeiandika habari hiyo, hasemi kama watu wale walikuwa sahihi au walikosea. Anaendelea tu kusimulia kwamba Petro alizidi kugonga.