"Padre, wafadhili si wapo?"

Kila Januari mzazi akishaona kiasi cha ada kwenye fomu ya kujiunga, huja na swali hilohilo. Tangu nianzishe shule hii ya bweni huku Mufindi nimelijibu hadi koo limekauka.

Wafadhili wapo, ndiyo, na wanapenda majengo. Watachimba kisima, wataezeka bweni, watabandika kibao chenye jina la parokia yao, kisha watarudi kwao. Wa kulipia maharage hajanifikia bado. Chukua wanafunzi 400, kila mmoja nusu kilo ya unga kwa siku: hizo ni kilo 200, magunia mawili kabla jua halijazama. Mishahara, kuni, dizeli ya jenereta, mchango wa NSSF, vyote vinatoka kwenye ada. Elimu bila ada iliyoanza 2016 ni ya shule za serikali. Kwetu haileti hata chaki.

Najua dhana ilikotoka. Wazee wanakumbuka Tosamaganga, misheni ya kule Iringa ya wamisionari Wakonsolata, waliofika 1919, wakadhani misheni haiishiwi. Lakini baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za misheni zilitaifishwa. Hizi za majimbo ya Kanisa zilizokuja baadaye, nyingi zimejengwa kwa michango ya vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, na matofali ya kuchoma.

Huwa nawaambia wazazi: leteni mahindi. Mwezi wa Saba unamuuzia mchuuzi gunia kwa bei ya kutupa, Januari unakuja mikono mitupu, nasi tumeshanunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu. Lilete stoo, mhasibu alikate kwenye ada. Hamtaki kusikia!

Na shule si ya padre. Hati ya ardhi ni ya wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Askofu akinihamisha, naondoka na sanduku la nguo.

"Ni ya Wakatoliki tu"? Wapo Walutheri, Wamoravian, Waislamu. Mnachanganya na seminari, ambako nako si wote wanaotoka mapadre: Benjamin Mkapa alipita Kigonsera, akafika Ikulu.

"Bweni litamnyoosha"? Aliyekushinda wewe mzazi wake, matroni mwenye wasichana themanini atamweza vipi? Malizaneni nyumbani kwanza. Ukimleta, mfungashie sweta mbili na blanketi zito. Vile vishuka vya Dar es Salaam havifui dafu kwa baridi ya huku kwetu Mafinga mwezi wa Sita.