Santuri za marehemu: usizipanguse, usiziuze, bado

Mwezi uliopita dada mmoja aliniletea kasha la santuri za marehemu baba yake, zote zinang'aa. Alikuwa amezipangusa kwa spiriti. Za plastiki zilisalimika, lakini tatu za zamani mifereji ilikuwa imeliwa, na moja kati ya hizo ni taarabu, lebo ile yenye picha ya mbwa, ya His Master's Voice. Tulipoipiga ulitoka mvumo mtupu. Imeniuma hadi leo.

Kwa hiyo naomba: kabla hujaamua lolote, jua umeshika nini. Santuri nzito inayovunjika kama kigae, ya mizunguko 78 kwa dakika, kwa kawaida ni ya shelaki, utomvu wa wadudu ambao mafundi seremala huuyeyusha kwa spiriti wapate polishi ya fanicha. Ndiyo maana spiriti huila. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, na lebo, ile karatasi ya katikati, usiiguse. Sindano ya LP, zile santuri kubwa za plastiki za mizunguko 33, nayo haifai hapo. 78 hutaka sindano nene karibu mara tatu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za aina hii. Isome lebo kabla mkono haujafanya kitu.

Wengi hukimbilia LP kwa sababu ni kubwa na majalada yake yanapendeza. Katika makasha ninayofunguliwa humo huwa Jim Reeves, ABBA, Boney M. Zilichapwa kwa mamilioni, bei yake ni ndogo. Mimi macho hunienda kwenye zile ndogo za mizunguko 45, zisizo na jalada, zilizolala chini kabisa. Nyingi zilichapwa Nairobi, za bendi za Tanzania zikiwemo, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Wimbo mmoja mara nyingi umegawanywa pande mbili: upande wa kwanza maneno, ukigeuza magitaa yanachanganya. Zilipigwa baa na harusini hadi zikachakaa, na kuna nyimbo ambazo hazikuwahi kutolewa tena kwa kanda wala CD. Wakusanyaji wa Ulaya wanalijua hilo vizuri. Akija mtu anayetaka kasha zima kwa bei moja, muonyeshe LP kwanza, uone kama atabaki.

Mimi ningepiga picha lebo za pande zote mbili na namba zilizochongwa kando yake, nikarekodi nyimbo kwenye kompyuta, kila ndugu akapata nakala. Kuuza kufuate. Nimeona familia zikigawana santuri kwa idadi, kumi kumi, mmoja akaondoka na Jim Reeves mtupu na undugu ukaingia doa. Wakati mnajadiliana zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na joto la bati. Zikirundikwa juani hupinda.

Na mama aulizwe. Yule dada alikuwa ametenga 45 moja ya kutupa, imekwaruzwa toka ukingoni hadi katikati. Mimi mwenyewe nisingeitolea hata shilingi. Tuliipiga mama yake akiwa ameketi pale pale dukani. Akaimba nayo, na sindano iliporuka, naye akaruka maneno yale yale bila kusita, akaendelea. Hiyo alirudi nayo nyumbani, ameipakata.