“Mbona Picha Yake Hukuiweka?” Dhana potofu kuhusu mwandishi anayefuatilia mauaji ya kwao

Nimezaliwa Ilomba, Mbeya, na habari ninazoandika ni za mauaji ya jiji hili na wilaya za jirani. Kijana wa mtaa wetu alipouawa, maneno niliyoyasikia sokoni Mwanjelwa ndiyo niliyoyakuta kwenye kijiwe cha bodaboda Mafiati, na ndiyo yaliyozungumzwa msibani. Nayajibu kwa sababu wanaoyasema ni majirani zangu, na mengine yanawaumiza wafiwa.

“Aliyeua ni mgeni, wapiga nondo hao.”

Mbeya iliwahi kuishi na hofu ya watu wanaovizia wapita njia gizani na kuwapiga vyuma kichwani. Hofu ile haikuwa ya bure. Lakini neno likishazoeleka, kila anayekutwa na jeraha la kichwa “kapigwa nondo”, na hakuna tena anayeuliza jana usiku alikuwa na nani. Hukumu nilizosoma za Mahakama Kuu, Mbeya na Iringa, zimejaa mipaka ya mashamba, urithi, wivu, ugomvi ulioanzia kilabuni. Mara nyingi marehemu na mshtakiwa walikuwa wakiitana kwa majina. Na kwa kijana wetu, aliyekuja kushtakiwa alikuwa amelala matanga pamoja nasi.

“Imani za kishirikina” nazo hutumika hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, wengine wakakatwa viungo, na maneno hayo matatu yakaenea nchi nzima. Imani hizo zipo na zimeua watu. Lakini mwandishi akizitoa kama jibu, anaacha kuuliza nani aliagiza, nani alilipa na mtoto alichukuliwa na nani.

“Kasimama mahakamani hakusema kitu, basi amekubali.”

Hapana. Kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa husomewa shtaka na haruhusiwi kujibu lolote. Dhamana hakuna. Anarudi mahabusu, kesi inatajwa tena na tena kwa maneno “upelelezi haujakamilika”, hadi jalada litakapofika Mahakama Kuu. Sisi waandishi tunaandika “hakutakiwa kujibu chochote” bila kusema kwa nini, na watu wanajaza wenyewe.

“Mwandishi kahongwa, ndiyo maana picha hajaiweka.”

Hili niliambiwa usoni na mzee ninayemwamkia tangu nikiwa mtoto. Siku ile polisi walikuwa wamekamata watu watatu kwa mauaji ya kijana wetu, mmoja wa mtaani na wawili ambao hakuna aliyewajua. Picha zao nilikuwa nazo kwenye simu.

Shahidi anayesema amemwona mtu asiyemfahamu huitwa kwenye gwaride la utambulisho. Mtuhumiwa anapangwa na watu wengine wanaofanana naye kwa umri na umbo, shahidi anatakiwa amchague. Kama sura ya mtuhumiwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mji mzima, gwaride hilo halina maana tena, kwa sababu wakili atauliza tu: ulimkumbuka kutoka usiku ule, au kutoka kwenye simu? Ningeiweka picha, ningempa muuaji mlango wa kutokea.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Wale wawili waliachiwa bila kushtakiwa. Kwenye magazeti yetu tumeshazoea sentensi ya “wananchi wenye hasira kali”, na najua inavyoisha. Picha ile ingewafikisha huko.

“Ameachiwa huru, kuna pesa imepita.”

Sisemi rushwa haipo. Ila nasema someni hukumu kwanza. Tangu shauri la mwaka 1980 la mtu aliyeitwa Waziri Amani (Waziri ni jina lake, si cheo), Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza maswali yale yale kwa shahidi aliyeona usiku: ulimtazama kwa muda gani, mlikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini na mkali kiasi gani, ulikuwa ukimjua kabla? Hata ukisema unamjua tangu utotoni, mwanga lazima uelezwe. Shahidi akisema “kulikuwa na taa” akaishia hapo, na ushahidi mwingine hakuna, kesi inaweza kuanguka pale pale, bila shilingi ya mtu kuguswa.

“Mtoto wa hapa anaambiwa yote.”

Naambiwa machache kuliko mgeni. Mgeni ataondoka na siri yake, mimi kesho nitakutwa kwenye harusi ya mpwa wa mshtakiwa. Tena Mbeya jina linatangulia: ukisema la ukoo linaloanza na Mwa-, kabla hujaketi mwenyeji keshakadiria umetoka Rungwe, Kyela au Ileje, na nani ni mjomba wako.

“Hatari yake ni majambazi tu.”

Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi. Ilikuwa mchana na alikuwa kazini, polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari polisi kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 15. Kila nikiagwa nyumbani kwa “uwe makini na wahalifu”, namkumbuka yeye.

“Hukumu ikisomwa, mambo yamekwisha.”

Kwa familia ndiyo kwanza yanaanza. Yule wa mtaani aliachiwa huru. Hukumu nyingi, hiyo ikiwemo, bado zinaandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mama wa marehemu alinipigia: “Mwanangu, njoo unisomee.” Majirani bado wanamwita kwa jina la kijana wake, Mama Fulani, kila salamu. Jina hilo siliandiki.

Nilimfasiria ukurasa kwa ukurasa, kuanzia saa kumi hadi giza lilipoingia. Tulipofika mahali jaji anaposema shahidi hakueleza taa ilikuwa wapi na ilimulika kiasi gani, akanishika mkono nisiendelee. Akanyanyuka, akawasha taa ya kibarazani, nje kukawa kweupe hadi ng’ambo ya njia.

“Ndiyo hii,” akasema. “Mbona hakuna aliyekuja kuniuliza?”